Dorothy Arzner

Dorothy Emma Arzner (3 Januari 1897 – 1 Oktoba 1979) alikuwa mwongozaji na mhariri wa filamu kutoka nchini Marekani. Kati ya mwaka 1927 na 1943 aliongoza karibu filamu 20 katika kampuni kubwa za Hollywood, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1930 alikuwa mwanamke pekee aliyefanya kazi hiyo huko. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wa Chama cha Waongozaji wa Filamu cha Marekani.

Filamu zake nyingi zinahusu wanawake wanaolazimika kuchagua kati ya kile wanachokitaka wao na kile ambacho jamii inawadai: kuolewa, kutunza nyumba, kulinda jina zuri, kumvumilia mume. Arzner alikuwa mwajiriwa wa studio, akafanya kazi chini ya watayarishaji wanaume na baadaye chini ya kanuni kali za maadili ya filamu. Kwa sababu hiyo hadithi zake mara nyingi humalizika jinsi desturi ilivyotaka, yaani kwa ndoa, kwa majuto au kwa kifo. Lakini kabla ya kufika mwisho huo, mtazamaji huwa ameonyeshwa mwanamke mhusika amepoteza nini. Jambo hilo ndilo lililowafanya wataalamu wa filamu wamrudie miaka mingi baada ya yeye kuacha kazi.

Maisha ya awali

Arzner alizaliwa mjini San Francisco, jimbo la California, akakulia Los Angeles. Baba yake, Louis Arzner, alikuwa na mgahawa uliokuwa karibu na jumba la maonyesho. Waigizaji wa jukwaani na wale wa filamu walikuwa wakija kula hapo, hivyo Dorothy aliwazoea watu mashuhuri tangu utotoni na hakuwa na hamu ya kuwa mmoja wao.

Baada ya shule ya sekondari alijiunga na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California akiwa na nia ya kuwa daktari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijitolea katika kikosi cha magari ya wagonjwa mjini Los Angeles. Alisoma chuoni kwa takriban miaka miwili, kisha, baada ya kukaa kwa muda katika ofisi ya daktari wa upasuaji, aliona kwamba kazi hiyo haimfai. Aliacha masomo na kuanza kutafuta kazi ambayo ingemwezesha kujitegemea.

Kuingia katika filamu

Mwaka 1919 Arzner alipata nafasi ya kuonana na William C. deMille, mwongozaji katika kampuni ya Famous Players-Lasky, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama Paramount. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini homa kubwa ya mafua ilikuwa imewaacha waajiri wengi bila wafanyakazi wa kutosha. Arzner aliruhusiwa kutembelea idara mbalimbali za studio ili achague pa kuanzia. Alipoona kwamba kila idara inategemea mswada, aliomba kuanza kama mpiga chapa wa miswada.

Hakukaa hapo muda mrefu. Alipandishwa kuwa mtunza kumbukumbu za upigaji picha, yaani mtu anayeandika kila kilichofanyika mbele ya kamera ili vipande vya filamu vilingane vinapounganishwa. Kisha akajifunza kuhariri. Alipelekwa Realart, kampuni tanzu ya Paramount, akawa mhariri mkuu na kuunganisha makumi ya filamu kwa muda mfupi.

Wakati huo uhariri ulifanywa kwa mkasi na gundi. Wanawake wengi waliajiriwa katika vyumba vya uhariri kwa sababu kazi hiyo ilifananishwa na ushonaji, na ilionekana kuwa inawafaa watu wenye mikono myepesi. Kwa njia hiyo wanawake walipata ujuzi wa kiini cha utengenezaji wa filamu bila majina yao kujulikana.

Kazi iliyomtoa Arzner gizani ilikuwa Blood and Sand ya mwaka 1922, iliyoigizwa na Rudolph Valentino kama mpigana na mafahali. Arzner alichanganya picha za Valentino na picha za mapigano halisi zilizokuwa zimekwisha kupigwa Hispania, hata ikaonekana kama yote yametokea mahali pamoja. Njia hiyo iliiokolea studio fedha nyingi. Mwongozaji James Cruze alivutiwa na kazi yake, akamchukua kuhariri The Covered Wagon (1923), filamu kubwa kuhusu wahamiaji waliovuka Marekani kwa magari ya kukokotwa. Kwa Cruze pia aliandika miswada, ikiwemo ile ya Old Ironsides ya mwaka 1926.

Kuwa mwongozaji

Katika miaka ya kwanza ya filamu bubu, wanawake waongozaji hawakuwa wachache. Alice Guy-Blaché aliongoza mamia ya filamu Ufaransa na Marekani, na Lois Weber alikuwa miongoni mwa waongozaji waliolipwa vizuri zaidi wakati wake. Hali ilibadilika katika miaka ya 1920. Kampuni ndogo zilimezwa na kubwa, mabenki yakaingiza mitaji, na uongozaji ukageuka kazi yenye fedha nyingi na hadhi. Kadiri hadhi ilivyopanda, ndivyo wanawake walivyozidi kuondolewa katika kazi hiyo.

Arzner aliomba kuongoza katika wakati huohuo mgumu. Paramount iliendelea kumpa kazi za kuhariri na kuandika, hadi alipopata nafasi ya kuongoza katika Columbia, iliyokuwa kampuni ndogo. Aliwaarifu wakubwa wake kwamba anaondoka. Ili wasimpoteze walimpa filamu ya kuongoza. Arzner alisisitiza kwamba iwe filamu kubwa na si ya kujaribia, na masharti yake yakakubaliwa.

Filamu hiyo ilikuwa Fashions for Women (1927), akiwemo Esther Ralston. Iliingiza fedha za kutosha na Arzner akapewa mkataba. Mwaka huohuo aliongoza Ten Modern Commandments na Get Your Man, na mwaka 1928 Manhattan Cocktail.

Filamu za sauti

Mwaka 1929 Paramount ilimkabidhi Arzner The Wild Party, filamu ya kwanza ya sauti ya Clara Bow. Bow alikuwa nyota mkubwa wa filamu bubu, aliyezoea kukimbia na kuruka huku na huko mbele ya kamera. Vipaza sauti vya wakati huo vilifichwa mahali pamoja, kwenye chombo cha maua au nyuma ya pazia, na mwigizaji alilazimika kusimama karibu navyo. Bow aliogopa, na mwendo wake wa kawaida ukamtoka. Arzner aliagiza kipaza sauti kifungwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, kisha kishikwe juu ya kichwa cha mwigizaji na kumfuata kila aendako. Mbinu hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mianzo ya kipaza sauti cha mkono mrefu ambacho hutumika katika filamu na televisheni hadi leo.

The Wild Party inasimulia maisha ya wasichana katika chuo cha wanawake. Stella, anayeigizwa na Bow, anapenda sherehe kuliko vitabu na anampenda mwalimu wake, anayeigizwa na Fredric March. Hadithi ya mapenzi ndiyo iliyotangazwa mabangoni, lakini uzito wa filamu uko katika urafiki wa Stella na Helen, msichana mwenye bidii anayetegemea ufadhili wa masomo. Barua ya mapenzi ya Helen inapopatikana, Stella anajitwisha lawama ili mwenzake asipoteze nafasi yake. Katika jamii iliyompima msichana kwa jina lake, Stella analitoa jina lake mwenyewe kwa ajili ya elimu ya msichana mwingine.

Mwaka 1930 Arzner aliongoza Sarah and Son, hadithi ya mhamiaji maskini ambaye mume wake anamchukua mtoto wao mchanga na kumpeleka kwa familia tajiri. Mama huyo anakuwa mwimbaji maarufu na kutumia miaka mingi kumtafuta mwanawe. Filamu ilipata watazamaji wengi, na mwigizaji wake mkuu, Ruth Chatterton, aliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar. Mswada uliandikwa na Zoe Akins, ambaye alishirikiana na Arzner katika filamu nyingine kadhaa.

Wanawake wa kazi na wake wa kisasa

Filamu alizoongoza kati ya 1930 na 1932 zilitengenezwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mamilioni ya Wamarekani walikosa kazi, na wanawake walioajiriwa walilaumiwa kwa kuwanyang'anya wanaume riziki. Katika Honor Among Lovers (1931) Claudette Colbert anaigiza katibu muhtasi anayeijua biashara ya mwajiri wake vizuri. Anamkataa mwajiri anayemtaka, anaolewa na mwanaume mwingine ili awe salama, kisha anagundua kwamba ndoa haikumpa usalama wowote. Working Girls (1931) inahusu ndugu wawili wa kike wanaofika New York na kukaa katika hosteli ya wanawake wafanyakazi. Kwao mshahara, mchumba na chumba cha kulala ni hesabu moja.

Merrily We Go to Hell (1932) ina jina lenye maana ya kwenda motoni kwa furaha, na jina hilo liliwaudhi wengi wakati filamu ilipotangazwa. Sylvia Sidney anaigiza binti wa tajiri anayeolewa na mwandishi wa habari mlevi, anayeigizwa na Fredric March. Mume anapofufua mapenzi na mwanamke wake wa zamani, mke halii wala harudi kwa baba yake. Anaamua kuwa mke wa kisasa: ikiwa mume ana uhuru wa kutembea na wengine, na yeye atautumia uhuru huohuo. Mmoja wa wanaume anaotoka nao anaigizwa na Cary Grant, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa.

Filamu haiuonyeshi uamuzi huo kuwa ushindi. Mke anapata mimba, anamwacha mume, na mtoto anakufa. Mwishoni mume anarudi akiomba msamaha. Kwa maandishi, huo ni mwisho wa furaha. Kwenye picha, mke amelala hospitalini akiwa dhaifu, na anamkumbatia mume wake kwa maneno ya mama anayembembeleza mtoto. Wachambuzi wengi wamesema kwamba tukio hilo linamwacha mtazamaji na huzuni zaidi kuliko faraja.

Mwaka 1932 Paramount ilitaka kupunguza mishahara kwa sababu ya hali ya uchumi. Arzner aliondoka, na tangu hapo akafanya kazi kwa mikataba ya filamu mojamoja katika studio mbalimbali.

Christopher Strong

Filamu yake ya kwanza nje ya Paramount ilikuwa Christopher Strong (1933), iliyotengenezwa na RKO kutokana na riwaya ya Gilbert Frankau. Katharine Hepburn, aliyekuwa ameigiza filamu moja tu kabla ya hapo, alipewa nafasi ya Cynthia Darrington, rubani Mwingereza. Wakati huo marubani wa kike walikuwa gumzo la dunia. Mwaka 1932 Amelia Earhart alikuwa amevuka Bahari ya Atlantiki peke yake, na Amy Johnson alikuwa ameruka kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930.

Cynthia anaishi kwa kazi yake na hajawahi kupenda. Anakutana na Sir Christopher Strong, mbunge aliyeoa na anayesifika kwa uaminifu wake kwa mkewe, na wawili hao wanapendana. Mara tu baada ya usiku wao wa kwanza, Christopher anamwomba aache kurusha ndege, naye anakubali. Mtazamaji hawaoni wapenzi wenyewe katika tukio hilo. Anaona mkono wa Cynthia ukiwa na bangili aliyopewa, na kusikia sauti yake akiahidi kuacha. Anapopenda, anapoteza kazi iliyomfanya apendwe.

Baadaye Cynthia anagundua ana mimba. Hataki kuivunja ndoa ya mke wa Christopher, ambaye filamu inamwonyesha kwa heshima na huruma. Anapanda ndege kuvunja rekodi ya kuruka juu zaidi, anaivunja, kisha anaivua barakoa ya oksijeni. Mwisho huo uliendana na desturi ya hadithi za wakati ule, ambapo mwanamke aliyetoka nje ya ndoa hakuachwa aishi. Hata hivyo Cynthia hafi kitandani akijuta. Anakufa kazini, akiwa ametoka kufanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya.

Kanuni za maadili na Craig's Wife

Kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zimekubaliana juu ya kanuni za maadili tangu mwaka 1930, zilizojulikana kwa jina la Will Hays, aliyekuwa mkuu wa umoja wao. Kwa miaka michache kanuni hizo hazikufuatwa sana. Kuanzia katikati ya 1934 zilitekelezwa kwa ukali chini ya Joseph Breen, na kila filamu ilihitaji cheti kabla ya kuonyeshwa. Ndoa ilitakiwa kuheshimiwa, uzinzi usionyeshwe kuwa jambo la kuvutia, na mkosaji apate adhabu. Filamu kama Merrily We Go to Hell isingeweza kutengenezwa tena kwa namna ileile.

Mwaka 1934 Arzner aliongoza Nana kwa mtayarishaji Samuel Goldwyn. Ilitokana na riwaya ya Émile Zola kuhusu kahaba wa Paris, na ilikusudiwa kumtambulisha mwigizaji Anna Sten kama nyota mpya. Hadithi ya Zola ilipunguzwa makali kiasi kwamba kilichobaki kilikuwa kidogo, na filamu haikufaulu.

Alifaulu zaidi na Craig's Wife (1936) katika kampuni ya Columbia. Ilitokana na tamthilia ya George Kelly iliyopata Tuzo ya Pulitzer. Harriet Craig, anayeigizwa na Rosalind Russell, ni mama wa nyumbani anayeipenda nyumba yake kuliko mtu yeyote. Anahangaika chombo kikisogezwa kidogo tu kutoka mahali pake, anawafukuza watumishi, na hataki majirani waingie. Katika tamthilia, Harriet ni mwanamke mbaya anayestahili kuachwa.

Arzner hakuyafuta makosa ya Harriet, ila alimpa nafasi ya kujieleza. Harriet anamwambia mpwa wake kwamba hakuwa na mali wala ujuzi wa kazi, na kwamba kwa mwanamke wa aina yake njia pekee ya kujitegemea ilikuwa kuolewa. Aliichukua ndoa kama mkataba: mume anapata mke, naye anapata nyumba ambayo hakuna atakayemfukuza. Nyumba ndiyo akiba yake yote. Mwishoni mume, shangazi wa mume na watumishi wote wanaondoka, na Harriet anabaki peke yake katika vyumba vinavyong'aa. Katika dakika za mwisho jirani mjane anamletea maua, lakini anapogeuka kumwita, jirani amekwisha kwenda. Jamii ilikuwa imemfundisha Harriet kwamba nyumba ndiyo thamani ya mwanamke, naye alitii hadi mwisho.

Hadithi hiyo ilikuwa imewahi kutengenezwa mwaka 1928 na William C. deMille, yuleyule aliyempa Arzner kazi ya kwanza. Ilitengenezwa tena mwaka 1950 kwa jina la Harriet Craig, akiwemo Joan Crawford.

Mwaka 1937 Arzner aliongoza The Bride Wore Red katika MGM. Crawford anaigiza mwimbaji wa baa anayepelekwa kwenye hoteli ya matajiri ajifanye mwanamke wa tabaka la juu kwa majuma mawili. Katika tamthilia ya Ferenc Molnár iliyotumika kama msingi, mhusika huyo alikuwa kahaba, jambo ambalo kanuni hazikuliruhusu. Filamu inaonyesha kwamba adabu za tabaka la juu ni vazi linaloweza kuvaliwa na yeyote, na kwamba gauni moja tu lisilofaa linatosha kumfichua mtu.

Dance, Girl, Dance

Filamu ya Arzner inayojulikana zaidi leo ni Dance, Girl, Dance (RKO, 1940). Alikabidhiwa baada ya mwongozaji wa kwanza kuondoka, akaipanga upya. Mwalimu wa dansi, aliyekuwa mwanaume katika mswada, alimgeuza kuwa mwanamke, Madame Basilova, aliyeigizwa na Maria Ouspenskaya.

Hadithi inawahusu wacheza dansi wawili. Judy, anayeigizwa na Maureen O'Hara, anataka kucheza baleti. Bubbles, anayeigizwa na Lucille Ball, anataka fedha, na anazipata katika kumbi ambamo wanawake hucheza wakivua nguo kidogokidogo mbele ya wanaume. Kwa kukosa kazi, Judy anakubali kucheza baleti katikati ya onyesho la Bubbles. Kazi yake halisi ni kuzomewa: watazamaji wanamfanyia dhihaka ili watake zaidi Bubbles arudi jukwaani.

Usiku mmoja Judy anaacha kucheza, anasogea mbele ya jukwaa na kuwatazama watu waliolipa kumtazama. Anawaambia anavyowaona yeye: wanaume wanaolipa senti chache wapate kujiona wakubwa kwa saa moja, kisha warudi nyumbani kwa wake zao wajifanye waheshimiwa. Katika filamu nyingi za Hollywood mwanamke aliye jukwaani yupo ili atazamwe, naye kazi yake ni kupendeza. Hapa kamera inageukia ukumbi, na wanaotazamwa ni watazamaji, wakiwa na aibu usoni. Wa kwanza kusimama na kumpigia makofi Judy ni mwanamke.

Filamu haimdharau Bubbles pia. Anaonyeshwa kuwa mtu anayejua bei ya anachokiuza na asiyejidanganya. Wakati ilipotoka, Dance, Girl, Dance haikupata watazamaji wa kutosha na iliitia studio hasara. Mwaka 2007 ilichaguliwa kuhifadhiwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani.

Mwisho wa kazi Hollywood

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Arzner alitengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya kikosi cha wanawake cha jeshi la Marekani. Filamu yake ya mwisho ya Hollywood ilikuwa First Comes Courage (Columbia, 1943). Merle Oberon anaigiza mwanamke wa Norwei anayejifanya kumpenda ofisa wa Kijerumani ili apate siri zake. Majirani wanamwona msaliti, naye hawezi kujitetea. Mwishoni anapata nafasi ya kutorokea Uingereza pamoja na mwanaume anayempenda, lakini anabaki Norwei kuendelea na kazi.

Arzner alipatwa na homa ya mapafu kabla ya kumaliza kupiga picha, na filamu ikakamilishwa na Charles Vidor. Alipopona hakurudi tena kuongoza filamu za studio. Tangu hapo hadi mwaka 1949, Ida Lupino alipoanza kuongoza, Hollywood haikuwa na mwanamke mwingine aliyeshika nafasi kama yake.

Ualimu na miaka ya mwisho

Katika miaka ya 1950 Arzner alifundisha utengenezaji wa filamu katika chuo cha Pasadena Playhouse. Aliongoza pia matangazo ya Pepsi kwa mwaliko wa Joan Crawford, ambaye mume wake alikuwa mkuu wa kampuni hiyo. Katika miaka ya 1960 alifundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Francis Ford Coppola, ambaye baadaye aliongoza The Godfather na amemtaja Arzner mara nyingi kama mwalimu aliyemtia moyo.

Maisha binafsi

Arzner hakuolewa. Aliishi kwa takriban miaka 40 na Marion Morgan, mtunzi na mwalimu wa dansi, ambaye aliandaa dansi katika baadhi ya filamu zake. Morgan alifariki mwaka 1971. Arzner alijulikana kwa nywele fupi na suti zenye mshono wa kiume, katika mji ambao wanawake walitarajiwa kuvaa kwa ajili ya wapiga picha. Kazini alizungumza kwa sauti ya chini na hakupenda kugombana na wafanyakazi. Alipenda kuwa na akiba yake ya fedha ili asilazimike kukubali kila kazi.

Kifo na heshima

Kwa karibu miaka 30 jina la Arzner lilikuwa limesahauliwa. Katika miaka ya 1970, harakati za wanawake zilipopata nguvu, wataalamu wa filamu walianza kuuliza ni wanawake gani waliowahi kuongoza Hollywood, na filamu zake zikaanza kuonyeshwa tena. Mwaka 1975 Claire Johnston wa Uingereza alihariri kitabu kidogo kuhusu kazi zake, na mwaka huohuo Chama cha Waongozaji wa Filamu kilimfanyia hafla ya heshima. Mwaka 1994 Judith Mayne alichapisha kitabu kikubwa zaidi juu yake.

Wachambuzi hawakubaliani katika kila jambo. Wapo wanaoona kwamba Arzner aliutii mfumo kuliko kuupinga, kwa kuwa wanawake wake mara nyingi hurudi kwenye ndoa au hufa. Wengine husema kwamba alifanya lililowezekana kwa mwajiriwa wa wakati wake, na kwamba miisho yake yenyewe inaonyesha mashaka juu ya kanuni inazozifuata.

Arzner alifariki tarehe 1 Oktoba 1979 huko La Quinta, California, akiwa na umri wa miaka 82. Ana nyota katika njia ya watu mashuhuri ya Hollywood. Mwaka 2018 Paramount, kampuni alikoanza kama mpiga chapa, ililipa jengo mojawapo la studio yake jina la Dorothy Arzner.

Baadhi ya filamu alizoongoza

Fashions for Women (1927)
Get Your Man (1927)
Manhattan Cocktail (1928)
The Wild Party (1929)
Sarah and Son (1930)
Anybody's Woman (1930)
Honor Among Lovers (1931)
Working Girls (1931)
Merrily We Go to Hell (1932)
Christopher Strong (1933)
Nana (1934)
Craig's Wife (1936)
The Bride Wore Red (1937)
Dance, Girl, Dance (1940)
First Comes Courage (1943)